Marundo ya Digidigi

Digidigi hahangaikii maji. Unyevu wake huupata kwenye majani na umande, na anaweza kuumaliza mwezi mzima wa kiangazi katika nyika ya Taru bila kuinamisha shingo kwenye shimo la maji. Nalitanguliza hilo kwa sababu ndilo lililofanya maneno yake yasikilizwe. Siku wanyama wa Ngurunga walipokalia baraza kwa ajili ya mpaka na maji, yeye peke yake aliingia barazani bila kiu.

Taru iko kati ya milima ya Taita na vilima vilivyo nyuma ya pwani, pale ambapo reli na barabara ya Mombasa kwenda Nairobi hukata nchi ya miiba na mibuyu. Mto hakuna. Kuna miamba yenye mashimo yanayoshika maji ya mvua. Wapagazi wa misafara waliyaita ngurunga, wakayajua moja moja kama mtu ajuavyo majina ya wanawe, maana msafara uliokuta shimo limekauka ulibwaga mizigo njiani, na pengine aliyeubeba mzigo akabaki nao hapohapo. Kijiji cha wanyama ninachosimulia kilikaa kandokando ya shimo moja kama hilo, nacho kikachukua jina lake: Ngurunga.

Digidigi na mumewe walikuwa na eneo lao kusini mwa mwamba. Mpaka wao haukuwa na ukuta wala seng'enge. Kila pembe palikuwa na rundo la mavi, vidonge vidogo vyeusi kama mbegu za mpapai, na kati ya rundo na rundo palikuwa na mabua ya nyasi yaliyopakwa ute mweusi utokao karibu na jicho. Kila alfajiri waliuzunguka. Wakinusa, wakiongeza, wakisonga mbele. Jua lilikausha ute, mvua ikazoa rundo, upepo ukabeba harufu, kwa hiyo kesho yake ilibidi warudi. Digidigi jirani alifanya vivyo hivyo kwa upande wake. Siku nyingine walikutana rundoni, wakatazamana, kila mmoja akaweka chake, wakaachana. Ni mpaka uliowafanya wajuane. Aliyeugua alijulikana siku ya pili, kwa kuwa upande wake wa rundo ulikuwa mkavu.

Sasa soko. Lilianza kwa Kanga mmoja aliyetandika jani la mkoma chini ya mbuyu na kuuza ukwaju. Wa pili akaja na kumbikumbi waliokaushwa, wa tatu na ubuyu. Baada ya misimu michache, kila Jumanne palikuwa na kelele za kutosha kumwamsha Bundi. Na penye soko pana ushuru. Upande wa machweo ilikuwapo kaunti ya Vilimani, ambayo mkuu wake alikuwa Nyani. Upande wa mawio ilikuwapo kaunti ya Minazini, ambayo mkuu wake alikuwa Fisi. Asubuhi alikuja karani wa Vilimani, akachukua sehemu yake na kuacha risiti: jani lenye alama ya jino upande wa kushoto. Mchana alikuja karani wa Minazini, naye akachukua sehemu yake na kuacha jani lenye alama ya jino upande wa kulia. Jioni Mama Kanga alikuwa na majani mawili chini ya bawa na nusu ya bidhaa alizokuja nazo.

Alivumilia. Wengi huvumilia, mradi maji yapo.

Kisha mvua za vuli zikakosa kunyesha. Shimo likajaa tope lililoletwa na mafuriko ya mwaka uliotangulia, ambalo hakuna aliyelizoa, na maji yaliyosalia yakawa utando wa kijani juu ya uji mzito. Mama Kanga alikuwa na vifaranga tisa. Akawaachia dada yake, akapanda kwenda Vilimani.

Karani alimpokea vizuri. "Shikamoo, bwana," Kanga alisema, naye karani hakuacha kuitikia, "Marahaba, mama. Unatoka upande gani wa mbuyu?"

"Upande wa kivuli, bwana. Asubuhi huwa machweo, jioni huwa mawio."

"Basi huko ni Minazini."

Akatoa jani lenye jino la kushoto. Karani aligeuza lile jani, akalitambua jino lake mwenyewe, akalirudisha. "Huu ni ushuru wa soko, mama. Maji ni ya wakazi, na wakazi wa huko hawamo katika daftari letu."

Akateremka hadi Minazini, mwendo wa siku mbili, mwiba ukiwa umemvunjikia mguuni. Huko jina lake lilikuwamo daftarini, kwa kuwa alikuwa amepiga kura. Alishukuru Mungu mapema. Karani wa Fisi alimweleza kwa upole kwamba fungu la maji la maeneo yenye mgogoro limezuiwa mpaka mgogoro umalizike. "Utamalizika lini, bwana?" Hilo, karani akasema, waulizwe wa Vilimani.

Aliporudi, vifaranga walikuwa saba. Wawili walikuwa wamefuata harufu ya maji hadi katikati ya tope, na miguu ya kifaranga haina nguvu ya kujinasua. Dada yake alikuwa bado amesimama ukingoni.

Baraza liliitwa usiku huohuo. Kobe aliombwa aeleze mpaka ulikotoka, kwa kuwa ndiye mkongwe, na kwa kuwa wanyama huiga mistari ya watu hata pale ambapo wangeweza kuiacha. Alichosema Kobe nakiandika kama kilivyo, maana yaliyomo ni ya kweli.

"Mstari wa kwanza niliosikia habari zake," alianza, "ulichorwa mwaka 1886 na Korongo wawili. Korongo, wajukuu zangu, huja kwetu kisha wakarudi Ulaya. Nchi huiona kutoka juu, na kutoka juu hakuna kisima wala kaburi. Mmoja alikuwa wa Uingereza, wa pili wa Ujerumani. Walianzia mlangoni mwa mto Umba, wakaenda moja kwa moja hadi ziwa Jipe, wakalizunguka kwa mashariki na kwa kaskazini, wakavuka mto Lumi, wakapita kati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, kisha wakaufuata mguu wa kaskazini wa Kilimanjaro. Taveta ikabaki huku, mlima ukabaki kule, na maji ya Lumi yanayopita Taveta hutoka kwenye mlima uleule."

"Si Malkia wa Uingereza aliyempa mjukuu wake wa Ujerumani ule mlima siku ya kuzaliwa?" aliuliza mtoto wa Ngiri.

"Hapana, mwanangu. Watu wanalisimulia hilo kwa sababu zawadi ni rahisi kukumbuka kuliko karatasi. Ilikuwa karatasi. Na katika karatasi za mwaka huohuo, Sultani wa Zanzibar alipimiwa maili 10 kutoka ukingo wa bahari kuingia bara, akaambiwa hiyo ndiyo pwani yake. Mwaka 1920 bara lilipofanywa Koloni ya Kenya, ule ukanda wa maili 10 ukabaki himaya. Mtu alitoka koloni akaingia himaya bila kuvuka hata kijito. Mambo yakaenda hivyo hadi Desemba 1963."

Akapumzika kidogo. Kobe huvuta shingo ndani anapopumzika, na hakuna anayemharakisha.

"Mstari wa pili haukuitwa mpaka, lakini ulizaa miji kuliko mipaka yote. Kampuni ya William Mackinnon ilianza mwaka 1890 kupasua njia ya mikokoteni kutoka Mombasa kwenda bara. Mwaka 1895 kampuni ikaiachia serikali, mwaka 1896 reli ikaanza, na mwaka 1901 ikafika ziwa Victoria. Kila palipowekwa stesheni, mji uliota ubavuni mwake. Mackinnon Road ni hivyo. Hadi leo wasafiri husimama pale, penye msikiti na kaburi la Sayyid Baghali, anayekumbukwa kwa kazi yake wakati reli inajengwa, wakaomba dua ya safari. Anayeinua mikono haulizwi ametoka kaunti gani. Lakini mji wenyewe unaulizwa. Katika orodha ya uchaguzi Mackinnon Road ni wadi ya eneobunge la Kinango, kaunti ya Kwale. Taita Taveta nayo inasema mji ni wake. Kila upande una wazee wake, na kila mzee ana karatasi."

Hapa niingize langu. Si Taru peke yake. Maseno, magharibi kabisa mwa Kenya, mji uliokulia shule iliyoanzishwa mwaka 1906 karibu na mstari wa ikweta, unabishaniwa na Kisumu na Vihiga. Nimeona kwamba migogoro ya namna hii haipendi mapori. Hupenda mahali penye soko, chuo au stesheni. Tukiambiwa kwamba ni suala la historia, tuiulize historia hiyo kwa nini ilisubiri mpaka soko likawa kubwa.

"Mwaka 1948," Kobe aliendelea, "wakazungushia Tsavo mstari mkubwa kuliko yote. Kilomita za mraba zaidi ya 20,000 zikawa mbuga. Ndiyo maana Taita Taveta, ambayo kwenye ramani ni pana mno, kilomita za mraba takriban 17,000, karibu asilimia 62 yake ni mbuga. Mwenye shamba akitazama ramani anaona nchi. Akitazama mlangoni kwake anaona seng'enge na ndovu."

Ndovu jike, aliyekuwa amesimama gizani nyuma ya mbuyu, alitikisa masikio. Hakusema kitu.

"Halafu zikaja wilaya. Mwaka 1962, kabla ya uhuru, tume ilizunguka kuwauliza watu wanataka kuwa na nani, na mikoa ikachorwa kwa majibu yale. Chini ya mikoa zikakaa wilaya, na wilaya zikaanza kuzaana. Mchwa wanajua habari hii vizuri kuliko mimi."

Mchwa mmoja mzee akajitokeza. "Tuliona watu wanagawa wilaya, na sisi tukagawa vichuguu. Kichuguu kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vitano. Kila kimoja kilikuja na mkuu wake, mlinzi wake na bendera yake. Nisiseme uongo, mwanzoni palikuwa na nafuu. Mama aliyetembea siku mbili kufuata kitambulisho akatembea nusu siku. Lakini vigingi vilipigwa siku ya mkutano wa hadhara, vipaza sauti vikilia, na baada ya hapo hakuna aliyerudi kuviangalia. Vichuguu vingine vilikuwa na bendera bila chumba hata kimoja ndani."

"Sheria ya mwaka 1992 ilitambua wilaya 46 pamoja na Nairobi," Kobe alisema. "Lakini kugawa hakukukoma, hadi wilaya zisizomo katika sheria ile zikapita 200. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikasema hizo hazina uhalali. Katiba ya mwaka 2010 ikarudi kwenye zile 46 na Nairobi, ikaziita kaunti, zikawa 47, na baada ya uchaguzi wa Machi 2013 zikapata magavana. Malindi, iliyokuwa wilaya, ikarudi ndani ya Kilifi. Taveta, iliyokuwa wilaya, ikarudi ndani ya Taita Taveta. Wundanyi kule mlimani, ambako watu wa wilaya walizoea kupanda kufuata serikali, kukatulia. Makao ya kaunti yakawa Mwatate, na mji mkubwa ukabaki Voi, kwenye reli. Na ili kesho mtu asiamke akagawa tena, katiba hiyohiyo, ibara ya 188, ikaweka kwamba mpaka wa kaunti haubadilishwi ila kwa pendekezo la tume huru, likapitishwe na theluthi mbili ya Bunge la Taifa na theluthi mbili ya wajumbe wa kaunti katika Seneti."

"Kwa hiyo mpaka wetu haubadiliki?" Kanga aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza usiku ule.

"Ni vigumu kubadilika, mama. Na kwa maoni yangu ni vizuri ukiwa mgumu."

Nakubaliana na Kobe. Nchi iliyochapwa mistari mara nyingi hivyo ina haki ya kupumzishwa kalamu. Lakini ugumu wa kubadilisha mpaka haukumzolea Kanga tope hata kiganja kimoja, na barazani kila mmoja alilihisi hilo, ndipo pakawa kimya.

Digidigi akasogea mbele. Ni mnyama mdogo, hufika gotini kwa binadamu, na ilibidi Muhanga akunje mkia ndipo aonekane.

"Babu Kobe, mistari yote hiyo umeitaja kwa mwaka. Wa 1886, wa 1948, wa 1992. Wangu mimi siwezi kuutaja kwa mwaka. Wangu ni wa leo asubuhi. Nataka kuuliza tu: kati ya waliochora hiyo yote, nani aliupita mstari wake kwa miguu, kisha akarudi kesho yake?"

Kobe alifikiri kwa muda mrefu. "Wapimaji waliupita. Mara moja."

"Mimi nilipita asubuhi hii hapa, kutoka mbuyu hadi mwamba. Niliona nyayo za vifaranga wawili zikiingia topeni. Zilikuwa bado mbichi. Karani wa Vilimani angepita nami angeziona. Karani wa Minazini naye angeziona. Sisemi wangekubaliana shimo ni la nani."

Hakuwa na zaidi. Akarudi kukaa karibu na mumewe.

Ndovu jike ndiye aliyetoka gizani. Katika nyika ya Tsavo hakuna asiyejua ukame wa 1970 na 1971, ulioua ndovu kwa maelfu, majike na watoto wao kwanza, kwa kuwa jike mwenye mtoto hawezi kwenda mbali na maji kufuata majani. Mama yake alikuwa mmoja wao. Huyu alikuwa ndama aliyekwishaacha kunyonya, na tangu mwaka ule hajawahi kupita shimo bila kulichungulia. Aliingia hadi ukingoni, akatia mguu wa mbele ndani ya tope, akausukuma kwa nyuma. Donge likatoka. Akatia tena. Ndovu hulima mchanga wa mto mkavu hivyohivyo, mguu na mkonga kwa zamu, mpaka unyevu unapopanda, na wanyama wengine huja kunywa nyuma yao.

Muhanga akashuka kwa upande wa pili kwa kucha zake. Ngiri akapiga magoti, kama wanavyofanya ngiri, akaanza kuchimbua kwa pua na pembe. Mchwa walibeba vijidonge vya udongo kwa safu ndefu, wakavipanga kando kuwa tuta la kuzuia tope la mvua ijayo. Kanga hawezi kuchimba tope. Alisimama juu ya tuta mguu mmoja ukiwa umevimba, akawaita vifaranga kila walipokaribia ukingo, usiku kucha, hadi sauti ikamkauka.

Walifika kwenye mwamba karibu na alfajiri. Chini ya tope palikuwa na maji, machache, ya baridi, yenye rangi ya chai ya rangi, na yaliendelea kutuama mpaka yakafika kwenye ukwato wa Ngiri. Hakuna aliyeshangilia. Walikaa chini palepale walipokuwa.

Jua lilipochomoza makarani wawili walitokea, mmoja kwa njia ya machweo na mwingine kwa njia ya mawio, maana ilikuwa Jumanne. Kila mmoja alikuwa na daftari kwapani. Waliliona tuta, wakaliona shimo, wakaonana. Karani wa Minazini akauliza limechimbwa upande gani hasa. Karani wa Vilimani akafungua daftari lake kutafuta.

Digidigi alikuwa katika mzunguko wake. Alifika kwenye rundo lililo kati ya mbuyu na mwamba, hatua tano kutoka walipokuwa wamesimama. Akanusa. Jirani yake alikuwa ametangulia kupita. Upande wake ulikuwa mbichi. Akaweka chake.

"Kesho napita tena, kabla ya jua," aliwaambia. "Njooni nyote wawili. Ni mwendo mfupi."

Kanga hakuwasikia. Alikuwa amewapanga vifaranga kwenye ukingo wa mwamba, vichwa chini, na alikuwa anawahesabu wanavyokunywa. Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, sita, saba. Kisha akaanza upya, kutoka kwa mmoja.